Anahesabu hadi 20 lakini hajui 3 ni ngapi: vifaa vya kuchezea tunavyotengeneza wenyewe huku Mikindani

Mama wa Baraza (mleta uzi)

Habari zenu wakuu, wazazi wenzangu na walimu wa awali mliomo humu.

Mwanangu wa pili ana miaka 4. Mwaka jana nilimnunulia ule ubao wa plastiki wa betri, ukibonyeza unaimba herufi na namba. Nilitoa shilingi 25,000, na mimi ni muuza vitumbua, kwa hiyo mnajua nilijibana kiasi gani. Siku ya tisa sauti ikaanza kukwama, haikumaliza wiki mbili ikazima kabisa. Ila kilichoniuma siyo ubao kuzima. Kabla haujazima mtoto alishakariri kuhesabu hadi 20, nami nikawa natamba kwa majirani. Jioni moja niko jikoni nikamwambia, "Niletee vijiko vitatu." Akaleta fungu zima. Nikamwambia, "Vitatu tu, mwanangu." Akarudisha kimoja, halafu akanitazama usoni aone kama amepatia.

Pale ndipo nilipoelewa kwamba anaujua wimbo wa namba, namba zenyewe hazijui. Na nikafikiri jambo jingine. Wimbo unasema "moja, mbili, tatu". Nyumbani hatusemi hivyo. Tunasema vijiko vitatu, mayai matatu, watoto watatu, miti mitatu. Halafu ukifika sita na saba neno halibadiliki tena, ukifika nane linarudi kubadilika: vinane, manane, wanane. Mtoto wa Kiswahili anatakiwa ajue kwamba vitatu na matatu na watatu ni kitu kilekile kilichovaa nguo tofauti. Hilo hatalipata kwenye ubao wa betri. Atalipata akiwa ameshika vitu vya aina mbalimbali mkononi, na pembeni yupo mtu anayesema naye.

Nipo Mikindani, mkoani Mtwara, barazani kwangu nakaa na watoto 7 wa majirani. Msimu wa korosho ukianza, kuanzia Oktoba hivi, wanaongezeka kwa sababu mama zao wanakwenda shambani kuokota. Nimetengeneza vitu vingi, vingine vimeharibika, vingine vimedumu. Naviandika hapa ili mwenye mtoto ajaribu, na mwenye ujuzi zaidi aniongezee.

Nianze na vifuu, maana hicho ndicho kifaa ninachokipenda kuliko vyote.

Nazi tunavunja kila siku. Ukiipiga kwa mgongo wa panga, ule mstari wa kupasukia hauendi sawa hata siku moja. Una meno, una kona, una mahali palipochongoka. Vipande viwili vya nazi moja vinakaa pamoja kama mdomo uliofumbwa. Kipande cha nazi nyingine hakikai hata ukilazimisha, kitacheza au kitaacha mwanya. Kwa hiyo ukiwa na nazi 6 zilizokwisha kukunwa, tayari una mchezo wa kutafuta mwenzake, na gharama yake ni mboga uliyokwisha kula.

Namna ninavyoviandaa: nikishakuna kwenye mbuzi, nakwangua nyama iliyobaki kwa kijiko, naloweka kifuu usiku kucha, kisha naanika juani siku 2 au 3 mpaka kikauke kabisa. Usipokausha kinaota ukungu na siafu wanahamia. Nje natoa nyuzi za kumbi kwa kipande cha chupa, na kazi hiyo naifanya watoto wamelala. Ukingo ndio wenye mtego. Mara ya kwanza nilipiga msasa kwa nguvu nikitaka pawe laini, nikaharibu jozi 4, kwa sababu yale meno yaliisha na kila kifuu kikawa kinakaa na kila kifuu. Sasa napitisha msasa mara mbili tatu tu, kuondoa vijiti vya kuchoma vidole, basi.

Anza na nazi 2, maana yake vipande 4. Mtoto akizoea ongeza ya tatu, mpaka 6. Na tafadhali, usimwambie "umekosea". Kifuu chenyewe kitamwambia. Nina binti mmoja hapa wa miaka 3 na nusu, si msemaji kabisa. Siku moja alishika vipande viwili, akavizungusha taratibu, akazungusha tena, vikasikika "ko!" vilipokaa. Akaniangalia akasema, "Kimemkuta mwenzake." Ilikuwa sentensi yake ndefu ya kwanza barazani kwangu.

Cha pili ni trei la mayai. Trei zima lina mashimo 30. Mimi nakata kipande cha mashimo 10, safu mbili za matano matano, ili mtoto aone tano na tano zimekaa. Chagua trei safi lisilo na kinyesi cha kuku, lianike juani, na mikono inawe baada ya mchezo. Kete nazikata kwenye ndala zilizochakaa. Osha ndala kwa sabuni, weka mdomo wa kikombe kidogo juu yake, chora kwa kalamu, kata kwa kisu kikali. Zinatoka duara nene, laini, hazimuumizi mtoto na hazipigi kelele. Mchezo ni kete moja shimo moja. Hapo ndipo wengi wanapokwama: mtoto anataja namba haraka kuliko mkono, anafika kumi mkononi ana kete sita. Mwache. Shimo tupu litamwonyesha. Sisi tulikaa na trei lile karibu wiki 6, dakika chache tu kwa siku. Kisha nikamwambia tena, "Niletee vijiko vitatu." Akaenda, akaleta vitatu, akaniwekea mezani akaondoka zake kucheza. Hakunitazama usoni.

Kadi za picha nazo ni rahisi. Boksi la sabuni, picha za kalenda ya zamani, na gundi ya uji mzito wa unga wa muhogo. Pika uji mpaka uvutike, upoe, paka. Bandika karatasi pande zote mbili za boksi hata kama upande wa nyuma hauna picha, kwa sababu ukibandika mmoja kadi ikikauka inajikunja kama jani. Gandamiza kwa tofali usiku mmoja, halafu juani. Mende wanaipenda sana gundi hii, kwa hiyo kadi zangu zinalala kwenye kopo lenye mfuniko.

Sasa la tahadhari, na hili naliandika kwa uchungu. Kabla ya kete za ndala nilikuwa natumia maharage. Siku moja mwanangu mkubwa, wakati huo akiwa na miaka 3, aliingiza harage puani. Sikuona. Nilikuja kujua usiku, anapumua kwa tundu moja. Harage likipata unyevu linavimba, na mimi kwa hofu nilijaribu kulitoa kwa kidole, nikalisukuma ndani zaidi. Hospitali walilitoa kwa chombo chao ndani ya dakika chache, lakini usiku ule sitausahau. Kwa mtoto wa umri huo au mdogo zaidi usitumie harage, choroko, shanga, punje ya mahindi wala kokoto ndogo. Na likitokea, usichokonoe, peleka kituo cha afya.

Karibuni.

---

Baba wa Mapacha

Dada, hongera, umeandika kwa moyo. Mimi nipo Masasi, nina mapacha wa miaka 5. Ila nina swali la kweli. Shule niliyokwenda kuwaandikisha waliwapa karatasi waandike majina yao na herufi. Hawakuuliza vifuu. Sasa nikikaa na vifuu mwaka mzima, wanangu si watabaki nyuma? Mke wangu anasema niwanunulie madaftari wakopi herufi kila jioni.

---

Mwalimu wa Kigoda

Baba wa Mapacha, shikamoo, naomba nilijibu hili. Nafundisha awali, wilaya ya Nachingwea.

Nikipata mtoto aliyekopishwa herufi nyumbani kabla vidole havijakomaa, namjua asubuhi ya kwanza. Anashika penseli kwa ngumi, anakandamiza mpaka karatasi inachanika, dakika 5 mkono umechoka na anaanza kuichukia kazi. Penseli inashikwa na kidole gumba, cha shahada na cha kati. Vidole hivyo hupata nguvu kwa kazi nyingine kwanza. Vibanio vya nguo ni dawa nzuri sana: mpe kopo na vibanio 10, abane ukingoni mwa kopo kuzunguka, kisha abandue. Kukanda udongo wa mfinyanzi. Kupitisha kamba ya kiatu kwenye matundu uliyotoboa kwenye soli ya ndala. Kuchambua mchele. Haya yote ni maandalizi ya kuandika, ingawa hayafanani na kuandika.

Lakini nawe una haki yako, herufi zinatakiwa. Zifanye hivi. Kata vipande vya boksi vya ukubwa wa kiganja. Andika herufi moja kubwa kwa gundi, nyunyizia mchanga mkavu uliochekechwa, acha ikauke, kung'uta. Mtoto anapitisha vidole viwili juu ya herufi kwa mwelekeo wa kuandika huku akitamka sauti yake. Anza na a, e, i, o, u. Kiswahili kimetupa urahisi hapa: irabu ni 5 na kila moja ina sauti moja popote utakapoikuta. Ongeza m, tayari ana "mama". Ongeza b, ana "baba" na "bibi". Hatamki jina la herufi, anatamka sauti.

Mbinu hii ya herufi za kukwaruza ni ya Maria Montessori, daktari wa Italia aliyefungua nyumba yake ya watoto Roma mwaka 1907. Yeye pia ndiye aliyesisitiza kwamba kifaa chenyewe kimwonyeshe mtoto kosa, mwalimu asikae kama hakimu. Dada yetu wa Mikindani kafika palepale kwa kuvunja nazi, na kwa kweli nimefurahi. Nilikuwa natafuta kitu cha namna hii kwa darasa langu, kwa sababu vifaa vya mbao vya kununua haviwezi kutosha watoto wote, na nazi wazazi wanazo.

Nyongeza moja: sinia la mchanga. Sinia pana, mchanga wa kina cha kidole kimoja, unyevu kidogo tu. Anaandika kwa kidole, akikosea anatikisa sinia. Mtoto anayeogopa kukosea kwenye daftari haogopi kwenye mchanga.

---

Mjukuu wa Newala

Naunga mkono, ila kwa sisi wa huku kwenye korosho naomba niseme kwa herufi kubwa: USIMPE MTOTO KOROSHO YENYE GANDA KAMA KETE. Najua inavutia, ina umbo zuri, zimejaa uani kwenye magunia. Mdogo wangu alifanya hivyo na mtoto wake, akampa korosho ghafi azihesabu. Mtoto akaing'ata moja. Lile ganda lina mafuta makali yanayounguza ngozi. Midomo ilivimba, ikatoka malengelenge, ngozi ikabanduka. Siku nne anakunywa uji wa baridi tu.

Na zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi, nzuri kama shanga, zina sumu kali, ikitafunwa moja tu ni hatari. Mbegu za mnyonyo vivyo hivyo, na mbono kaburi tunaopanda uzio. Watoto wanaokota wenyewe, kwa hiyo waonyesheni mapema.

---

Mama wa Baraza

Mjukuu wa Newala, asante sana. Pole kwa huyo mtoto. Nimewaonyesha wangu leo leo, maana mnyonyo upo nyuma ya nyumba yangu.

Mwalimu, shikamoo. Herufi za mchanga nimeanza siku chache zilizopita, nimetumia mchanga wa pwani. Sasa nauosha kwanza kwa maji yasiyo na chumvi, kwa sababu ile chumvi inavuta unyevu na gundi haikauki. Hilo nimeligundua baada ya "a" yangu kubaki mbichi siku mbili.

---

Randa na Msasa

Mimi ni seremala, Lindi mjini. Kila siku kwenye karakana zetu tunatupa au tunachoma vipande vya mbao. Mwenye mtoto aende kwa fundi wa mtaani kwake aombe, hakuna fundi atakayemnyima mzazi.

Ila msichukue kipande kizuri tu, chukueni kipimo. Niliwatengenezea wanangu matofali ya mbao ya urefu wa aina tatu: sentimita 5, 10 na 20, unene na upana sawa kwa yote. Viwili vifupi vinalingana na kimoja cha kati, viwili vya kati vinalingana na kimoja kirefu. Sikuwafundisha kitu. Mtoto anajenga daraja, anaishiwa kirefu, anaunganisha viwili vya kati. Akifika darasani kuambiwa nusu na robo, mkono wake unazijua tayari. Vingetengenezwa holela, kila kimoja na urefu wake, angejenga tu bila kugundua chochote.

Mbao zilizopakwa rangi ya zamani kataeni, inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu. Zilizopakwa dawa ya wadudu kataeni. Msasa upite kona zote mpaka ukisugua shavuni hausikii kitu. Umaliziaji ni mafuta ya nazi kidogo kwa kitambaa, varnishi haina kazi hapa.

Kuhusu mtoto kukabwa na kitu kooni: wanaotengeneza midoli kiwandani wana kipimo cha tundu la upana wa milimita 31.7. Kitu chochote kinachoingia humo chote hakifai kwa mtoto chini ya miaka 3. Mimi nimetoboa kibao tundu la upana huo nikakitundika mlangoni. Mama yeyote akija na kitu chake tunakipitisha. Kizibo cha chupa ya maji kinapita, kwa hiyo kwa wadogo hakifai, ingawa watu wengi wanakitumia.

---

Bibi wa Mingoyo

Wanangu, nimesomewa uzi huu na mjukuu wangu naye ndiye anayeniandikia.

Mnasema vifuu na mbao, mmesahau sufi. Msufi upo, pamba yake inaanguka bure. Mpira wa mtoto anayeanza kukaa usiwe mgumu. Chukua matambara ya khanga iliyochakaa, kata vipande sita vyenye umbo la jani la mwembe, vishone ubavu kwa ubavu, acha mdomo, jaza sufi, ziba. Sufi ichambuliwe mbegu kwanza na mdomo na pua vifungwe kitambaa, vumbi lake linakohoza. Kila jani la mpira liwe la khanga tofauti, mtoto anazungusha anachagua rangi anayoitaka. Zamani watoto walifunga mipira kwa mifuko ya plastiki, sasa tangu Juni 2019 mifuko imepigwa marufuku, na mimi naona ni afadhali, mpira wa matambara unafulika.

Nina mjukuu haoni vizuri. Kadi za picha hazimfai. Yeye nimemtengenezea makopo ya sauti. Makopo 8 yanayofanana, mawili yana mchanga, mawili mchele, mawili kokoto, mawili hayana kitu. Mifuniko imefungwa kwa gundi na juu nimezungushia kitambaa nikashona. Anatikisa anatafuta yanayolingana. Yale matupu ndiyo anayoyapenda. Anayaweka sikioni kwa muda mrefu, kisha anasema, "Bibi, hili limelala." Wenzake wanaoona wanashindwa naye kwenye mchezo huu, na siku hizi wanamwita aje acheze.

---

Mama wa Baraza

Shikamoo bibi. Makopo yaliyolala nimeyapenda mno. Nitatengeneza kesho, na nitawafumba macho wote kwa kitambaa.

---

Mwalimu wa Kigoda

Bibi, shikamoo, nakusalimu mimi mwanao wa kazi hii kwa heshima zote. Mjerumani Friedrich Fröbel, aliyeanzisha shule ya kwanza ya chekechea mwaka 1837, kifaa chake cha kwanza kwa mtoto kilikuwa mpira laini wa uzi wa rangi. Alianza na mpira kama wewe.

---

Baba wa Mapacha

Narudi kutoa taarifa baada ya wiki 3.

Madaftari sikununua. Nilivunja nazi 3 siku ya kwanza. Kulwa alipanga zote haraka, Doto alikaa na kipande kimoja akikipapasa ukingo kwa kidole, nikaanza kuwa na wasiwasi kwamba haelewi. Nikakumbuka maneno ya dada, nikanyamaza. Baadaye nikaona yeye hapapasi ovyo, anatafuta lile jino refu lipo upande gani kabla ya kujaribu. Anajaribu mara moja, linakaa.

Herufi za mchanga tumefika irabu zote na m. Vibanio mama yao alilalamika vimepungua kwenye kamba ya nguo, sasa naye anakaa nao jioni anawahesabisha: vibanio vinne, mashati manne, watoto wawili.

Juzi nilileta jozi ya nne ya vifuu. Doto akapanga, kikabaki kipande kimoja hakina mwenzake. Mimi mwenyewe nikajua nimekosea kuhesabu, nikataka kukitoa. Akakishika, akakigeuza, akapitisha kidole kwenye ukingo kama kawaida yake. Kisha akanyanyuka akaenda jikoni. Nikasikia pipa la unga linafunuliwa. Akarudi na kile kifuu ambacho mama yake anapimia unga wa ugali, kimejaa unga bado, anakibeba kwa mikono miwili. Akakimwaga kwenye sinia, akakiweka juu ya mwenzake, kikakaa.